Muda wa Traki Haulingani na Sauti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umekusanya maswali ambayo maprodyuza, watengeneza podikasti, mafundi wa redio na wanaorekodi mahubiri na mawaidha huuliza tena na tena: nimetoa faili, mbona muda wake hauko sawa? Majibu yanaanza na yale yanayomkuta kila mtu na kuishia na yale yanayotokea mara mojamoja. Kama una haraka, soma swali la 1 na la 2, kisha ruka hadi kwenye aina ya faili lako.

## Mambo ya kuanzia nayo

1. Nimetoa wimbo wa dakika 4, lakini simu inaandika dakika 16. Kazi yangu imeharibika?

Mara nyingi hapana. Pleya nyingi hazipimi sauti kabla ya kukuandikia muda. Husoma namba iliyowekwa mwanzoni mwa faili, na zisipoikuta hukisia kwa kugawa ukubwa wa faili kwa bitireti, yaani kiasi cha data kwa kila sekunde ya sauti. Kisio likikosea, wimbo wako bado ni wa dakika 4 vilevile. Utapigwa wote na kuishia pale ulipoumalizia, ila kile kidoti cha kusogeza wimbo kitakuwa ndiyo kwanza kimefika robo ya njia.

Kwa hiyo kabla hujarenda upya (yaani kutoa faili tena kutoka kwenye projekti), na kabla hujamwambia mteja kwamba simu yake mbovu, tenganisha mambo mawili: namba kukosea, na sauti yenyewe kukosea. Tiba zake hazifanani hata kidogo. Inasikitisha kuona mtu anakesha akirenda upya faili ambalo halina ugonjwa wowote.

2. Nitajuaje kama kosa liko kwenye namba au kwenye sauti?

Njia ya haraka ni kusikiliza dakika ya kwanza na mwisho wa faili. Kama kasi ni ile ile, sauti ya mwimbaji haijawa nzito wala nyembamba, na mwisho umefika bila kukatwa wala kufuatiwa na kimya kirefu, basi namba ndiyo inayodanganya.

Njia ya uhakika ni kulifungua faili katika programu ya kuhariri. Audacity, kwa mfano, huifungua sauti yote mwanzo mpaka mwisho, haitegemei kilichoandikwa juu ya faili. Bonyeza Ctrl+A, kisha tazama urefu wa ulichochagua sehemu ya chini ya dirisha. Unaweza kuubadilisha usomeke kwa sampuli, yaani vipimo vidogo vya sauti vinavyochukuliwa kila sekunde; ugawe kwa 44,100 au 48,000 kulingana na faili, na hapo umepata muda usiobishaniwa.

Anayetumia ffmpeg, programu ya sauti na video inayoendeshwa kwa kuandika amri, anaweza kuandika:

`ffmpeg -i wimbo.mp3 -f null -`

Amri hii huipitia sauti yote bila kuandika faili jipya, na muda unaosomeka kwenye mstari wa mwisho ndio wa kweli. Wakati wa kufungua faili, ffmpeg ikikuonya kwamba inakadiria muda kutokana na bitireti, umeshapata jibu: faili halina namba ya kuaminika. Nenda swali la 5.

3. Kwa nini programu mbili zinaonyesha muda tofauti kwa faili lile lile?

Kwa sababu kila moja imechota namba mahali pake. Moja imehesabu fremu zote (vipande vidogo vinavyounda faili), nyingine imesoma lebo (taarifa kama jina la wimbo na msanii zilizomo ndani ya faili), nyingine imekisia, nyingine imekumbuka namba ya toleo la zamani la faili hilo (swali la 9). Ukiziona zinabishana, amini iliyoifungua sauti yote.

4. Tofauti ni sekunde moja tu. Nihangaike?

Kwa kusikiliza tu, hapana. Wimbo wa dakika 4 na sekunde 12.6, programu moja itaukata uwe 4:12, nyingine itaupandisha uwe 4:13. Zote ziko sawa. Hangaika pale sekunde ina bei: tangazo la redio (swali la 21), lupu inayotakiwa kuzunguka bila mshono (swali la 10), au sauti inayopachikwa kwenye video (swali la 16).

## MP3

5. Kwa nini MP3 ndiyo inayosumbua zaidi?

Kwa sababu tangu mwanzo MP3 haikuwekewa mahali rasmi pa kuandika muda. Ni mnyororo wa fremu ndogondogo. Kila fremu ya MP3 ya kawaida hubeba sampuli 1,152, ambazo kwa sampuli 44,100 kwa sekunde ni kama milisekunde 26. Kujua muda kamili kunataka kuhesabu fremu zote, na pleya nyingi hazina subira hiyo, hasa faili likiwa kwenye mtandao.

Bitireti ikiwa ni moja mwanzo mwisho, yaani CBR, kukisia hakuleti shida: ukubwa ugawe kwa bitireti, jibu hili hapa. Balaa huanza na VBR, bitireti inayobadilika, ambapo enkoda, yaani programu inayobana sauti, hutumia data nyingi palipo na ala nyingi na data kidogo palipo kimya. Pleya isiyo na taarifa nyingine huchukua bitireti ya fremu ya kwanza na kuitumia kwa faili zima. Ni sawa na kukadiria abiria wa treni nzima kwa kuhesabu waliomo kwenye behewa la kwanza. Wimbo ukianza na kimya kidogo, fremu ya kwanza huwa ya kilobiti 32 kwa sekunde. Kama wastani wa wimbo mzima ni 128, muda utakaoonyeshwa ni mara nne ya halisi. Ndiyo ile dakika 4 kugeuka 16.

Ili kuziba pengo hilo, enkoda huweka fremu ya taarifa mwanzoni mwa faili. Huitwa Xing, kwenye mafaili ya CBR yanayotengenezwa na enkoda ya LAME huandikwa Info, na enkoda za Fraunhofer hutumia ya kwao, VBRI. Ndani yake kuna idadi ya fremu. Zidisha kwa 1,152, gawa kwa 44,100, muda umepatikana bila kukisia.

Fremu hiyo huandikwa mwishoni kabisa mwa kazi, maana enkoda haiwezi kujua idadi ya fremu kabla haijamaliza. Hurudi mwanzo wa faili na kujaza namba. Umeme ukikatika kabla ya hapo, namba haipo. Ukirekodi matangazo ya redio ya mtandaoni moja kwa moja, namba haipo pia, kwa sababu matangazo hayana mwisho wa kuhesabiwa. Na programu ya kukata MP3 bila kuifungua inaweza kuacha namba ya faili la zamani juu ya faili jipya, jambo baya kuliko kukosa namba, kwa kuwa pleya itaiamini.

6. Nitarekebishaje bila kupunguza ubora?

Usiifungue MP3 kwenye programu ya kuhariri ukaitoa tena kama MP3. Utapata namba sahihi, lakini sauti itakuwa imebanwa mara mbili na matoazi yataanza kusikika kama yako ndani ya maji. Unachotaka ni kuandika taarifa upya huku fremu za sauti zikibaki kama zilivyo:

`ffmpeg -i wimbo.mp3 -c copy wimbo-sahihi.mp3`

Inachukua sekunde chache hata kwa faili la saa nzima. Kwenye Windows, foobar2000 ina kipengele cha kazi hiyo hiyo: bofya faili kwa kitufe cha kulia, ingia Utilities, chagua "Fix VBR MP3 header".

Na kama projekti bado unayo na faili linakwenda kwa watu wanaosikiliza kwenye redio za magari au spika za flashi, toa CBR ya 192 au 256. Utapoteza nafasi kidogo na kuepuka simu za malalamiko. VBR ni nzuri kwa kutunza ubora, sina ugomvi nayo, lakini vifaa vya bei nafuu huko mitaani vingi havisomi ile fremu ya taarifa.

7. Nimeunganisha sehemu tatu za mawaidha. Muda unaonyesha sehemu ya kwanza tu, ila sauti inaendelea. Kwa nini?

Umeziunganisha kwa kuzibandika faili nyuma ya faili, ama kwa amri ya `cat`, ama `copy /b`, ama kwa programu ya simu inayofanya hivyo kimyakimya. Taarifa ya sehemu ya kwanza imebaki juu na inasema kweli, lakini kuhusu sehemu yake tu. Pleya nyingine zitaendelea kupiga, nyingine zitakata pale pale namba inapoisha, na msikilizaji atadhani shehe au mchungaji alikatizwa.

Andika orodha ya mafaili kwenye faili la maandishi, kila mstari ukianza na neno `file`:

`file 'sehemu1.mp3'`

Kisha:

`ffmpeg -f concat -i orodha.txt -c copy mawaidha.mp3`

Sharti moja: sehemu zote ziwe na sampuli sawa kwa sekunde na idadi sawa ya chaneli. Kama moja ilirekodiwa kwa simu kwa mono na nyingine kwa mikisa kwa stirio, ziunganishe ndani ya programu ya kuhariri na utoe upya kutoka kwenye rekodi za asili.

8. Nimeweka picha ya kava, muda ukaongezeka dakika tatu. Inawezekanaje?

Picha hukaa ndani ya faili, kwenye lebo ya ID3. Pleya nzuri huiruka kabla ya kukadiria. Pleya dhaifu huihesabu kama sauti. Kwa bitireti ya 128, kila sekunde ya sauti ni baiti 16,000. Picha ya megabaiti 3 itahesabiwa kama dakika 3 na sekunde 7 hivi. Ipunguze picha iwe mraba wa pikseli 600 au 1,000, JPEG, chini ya kilobaiti 200. Kava kubwa lipeleke kwa msambazaji kama faili la pekee.

9. Nimeukata wimbo ukawa mfupi, lakini muda wa zamani bado unaonekana. Nimekosa wapi?

Kuna sehemu mbili za kutazama. Ya kwanza ni lebo: ID3 ina fremu iitwayo TLEN inayoweza kubeba muda kwa milisekunde, mfano 240000 kwa dakika 4. Programu ya kukata huenda imenakili lebo zote bila kuigusa hiyo. Ifute kwa programu ya kuhariri lebo. Faili halihitaji TLEN ili lipigwe.

Ya pili ni kumbukumbu ya kifaa. Simu na mitambo ya kurushia vipindi huhifadhi muda wa faili kwenye hifadhidata yake mara ya kwanza inapoliona. Ukilifuta na kuweka jipya kwa jina lile lile, huenda kisisome upya. Badilisha jina la faili kisha litazame tena. Jaribio hili ni la sekunde kumi na linaokoa saa nzima ya kutafuta mchawi.

10. Lupu yangu ya MP3 ina kimya kidogo mwanzoni. Kwenye projekti hakimo.

Kimetoka kwenye enkoda. LAME huongeza sampuli 576 mwanzoni, na kifunguaji huongeza nyingine 529. Jumla 1,105, kama milisekunde 25. Mwishoni nako hujaza ili fremu ya mwisho itimie. LAME huandika kiasi hicho kwenye ile fremu ya taarifa ili pleya ikijue na kukikata, ila si pleya zote zinazotii. AAC nayo ina yake: enkoda ya Apple huongeza sampuli 2,112, karibu milisekunde 48. Lupu, midundo ya kuuza na sauti za gemu zitoe kama WAV au FLAC na suala limekwisha.

## Kosa likiwa kwenye projekti

11. Faili lina dakika kadhaa za kimya mwishoni. Zimetoka wapi?

Kuna kitu kimedondoka mbali upande wa kulia wa projekti: kipande cha sauti chenye upana wa nywele, noti moja ya MIDI, kipande cha otomesheni (maagizo ya kupandisha na kushusha vitu vyenyewe). Ukitoa "projekti nzima", programu inakwenda mpaka kwenye kitu cha mwisho hata kama hakitoi sauti. Kwenye Audacity bonyeza Ctrl+F ili projekti nzima ionekane kwenye dirisha. Kipande kilichopotea kitajitokeza. Kwenye FL Studio tazama mwisho wa Playlist, hasa otomesheni. Kifute, au chagua eneo unalolitaka na utoe hilo tu.

12. Mwisho wa wimbo unakatika kabla riverebu haijaisha.

Hili ni kinyume cha la 11. Umetoa mpaka kwenye noti ya mwisho, ila mwangwi wake unaendelea baada ya noti. FL Studio hukupa chaguo la "Cut remainder" au "Leave remainder". Chagua la pili. Reaper ina sehemu ya kuweka mkia kwa milisekunde kwenye dirisha la kurenda. Logic ina "Include Audio Tail". Kwenye programu isiyo na kitu kama hicho, vuta alama ya mwisho sekunde tano mbele, kisha fifisha sauti hapo kwa mkono.

Angalia "Wrap remainder" ya FL Studio: huchukua mkia na kuurudisha mwanzoni mwa faili. Kwa lupu ni jambo zuri sana. Kwa wimbo kamili, utasikia mwangwi wa kiitikio cha mwisho juu ya sekunde za kwanza za utangulizi.

13. Wimbo mzima umetoka kama baa nne tu.

FL Studio ilikuwa kwenye hali ya paterni moja badala ya wimbo. Geuza kitufe cha juu kutoka PAT kwenda SONG, kisha renda. Kwenye Cubase, sababu ya aina hii ni alama za kushoto na kulia kubaki kwenye kipande ulichokuwa unakirudiarudia. Kwenye Ableton Live, tazama kilichoandikwa kwenye "Render Start" na "Render Length" kabla ya kukubali, kwa sababu hufuata ulichokuwa umekichagua.

14. Stemu (traki mojamoja za wimbo) nilizompelekea fundi wa miksi hazina urefu sawa, na zikipangwa haziendi pamoja.

Kila stemu imeanza pale sauti yake inapoanzia. Sauti ya pili inayoingia dakika ya pili imetolewa bila zile dakika mbili za kimya mbele yake, na fundi hana namna ya kujua ikae wapi. Audacity ina chaguo la kukata nafasi tupu kabla ya kipande cha kwanza wakati wa kutoa, lizime. Kwenye programu nyingine, weka eneo moja kwa stemu zote: kuanzia sifuri mpaka mwisho wa wimbo pamoja na mkia. Kabla ya kutuma, zirudishe zote kwenye projekti tupu. Zikianza pamoja na kuisha pamoja kwa idadi ile ile ya sampuli, tuma.

## Kasi na sampuli

15. Faili limekuwa refu na sauti imekuwa nzito. Au limekuwa fupi na sauti nyembamba.

Hapa sauti yenyewe ina kosa, si namba tu. Faili la sampuli 48,000 linasomwa kama la 44,100, au kinyume chake. Uwiano wake haubadiliki, na ndio utakaokupa uhakika. Wimbo wa 4:00 wa sampuli 48,000 ukisomwa kwa 44,100 huwa 4:21, na ufunguo hushuka nusu-toni moja na nusu hivi. Wa 44,100 ukisomwa kwa 48,000 huwa 3:40. Kipindi cha saa moja huwa dakika 65 na sekunde 18, au dakika 55 na sekunde 7. Ukiona namba za namna hiyo, acha kutafuta kwingine.

Chanzo cha kawaida ni kadi ya sauti iliyowekwa 48,000 huku projekti ikiwa 44,100, au kamera iliyorekodi 48,000 na faili likaingizwa bila kubadilishwa. Rekebisha mpangilio wa projekti na kadi vifanane, kisha ingiza upya. Kama kilichobaki ni faili lililokosewa tu, Audacity inakuruhusu kubadilisha sampuli za traki kwenye menyu ya traki, na kasi itarudi mahali pake bila ubora kupotea. Usitumie kifaa cha kunyoosha muda; hicho huchakata sauti yote na kuacha makovu.

Muda ukiwa mara mbili au nusu kamili, mara nyingi ni chaneli: stirio imesomwa kama mono au mono kama stirio. Hili hutokea zaidi kwenye data ghafi (swali la 19).

16. Mwanzoni sauti na midomo kwenye video vinaenda pamoja, lakini kufikia dakika ya 40 vimeachana.

Kama pengo ni lile lile tangu mwanzo, sogeza sauti tu. Kama linakua polepole, kuna saa mbili zinazokwenda tofauti. Mradi wa fremu 29.97 ukichukuliwa kuwa wa 30 hutofautiana kwa sehemu moja ya elfu, yaani sekunde 3.6 kwa kila saa. Rekoda na kamera zisizounganishwa nazo huachana zenyewe, kwa sababu hakuna vifaa viwili vinavyohesabu sekunde sawasawa; tofauti ya sehemu 20 kwa milioni ni milisekunde 72 kwa saa. Video za simu zina tabia yao pia: kasi ya fremu hupanda na kushuka kadiri mwanga unavyobadilika, kwa hiyo zigeuze ziwe na kasi moja kabla ya kuhariri. Kwa harusi, mikutano na ibada ndefu, piga kofi mbele ya kamera mwanzoni na mwishoni mwa rekodi. Makofi mawili yatakuonyesha tofauti yote.

## WAV na rekoda

17. WAV ya dakika tano inaonyesha 6:45:47. Namba hii inatoka wapi?

Ina maana yake. WAV huandika ukubwa wa sauti kwa biti 32, hivyo namba kubwa kuliko zote inayoweza kuandikwa ni 4,294,967,295. Programu inayotoa sauti kwa mfereji kwenda programu nyingine haijui ukubwa mapema wala haiwezi kurudi nyuma kuurekebisha, kwa hiyo huweka namba hiyo ya juu kabisa. Kwa stirio ya biti 16 na sampuli 44,100, sekunde moja ni baiti 176,400. Gawa, utapata sekunde 24,347, ambazo ndizo hizo 6:45:47. Kwa sampuli 48,000 utaona 6:12:49.

Sauti iko salama. Andika faili upya:

`ffmpeg -ignore_length 1 -i rekodi.wav -c copy rekodi-mpya.wav`

18. Nimerekodi kongamano zima, faili ni gigabaiti 5 lakini linaonyesha muda mfupi sana.

Umevuka mpaka ule ule wa swali la 17. Namba ikizidi gigabaiti 4 huanza upya kutoka sifuri, kwa hiyo pleya inaona gigabaiti 1 tu. Kwa stirio ya biti 24 na sampuli 48,000, mpaka huo ni saa 4 na dakika 8 hivi. Programu nyingine hushindwa hata kwenye gigabaiti 2, nusu ya hapo. Kwa kazi ndefu chagua RF64, W64 au FLAC, aina za faili zisizo na mpaka huo. Rekoda nyingi za mkononi hukwepa tatizo kwa kukata faili lenyewe na kuanza jingine. Hapo ukiona faili fupi, tafuta mwenzake kwenye kadi kabla ya kusikitika.

19. Betri ya rekoda ilizimika. Faili lipo, lina ukubwa, lakini muda ni 0:00.

Kwanza kabisa usirekodi kitu kingine kwenye kadi hiyo. Nakili faili kwenye kompyuta na ufanye kazi kwenye nakala.

Rekoda ilikuwa bado haijajaza ukubwa juu ya faili. Jaribu amri ya swali la 17. Ikikataa, fungua Audacity, ingia kwenye kuingiza data ghafi, na uiambie mwenyewe ilivyorekodiwa: biti 16 au 24, mono au stirio, sampuli ngapi kwa sekunde, na kwamba iruke baiti 44 za mwanzo. Sauti ikija haraka kupita kiasi au taratibu, umekosea chaneli au sampuli. Ikija kama mvua juu ya bati, umekosea biti, au umeanza katikati ya sampuli. Kwa rekodi ya biti 24 ongeza baiti moja kwenye hizo 44, kisha mbili, mpaka sauti ya mtu isikike. Itasikika. Rekodi nyingi zinazotupwa kwa kuonyesha 0:00 bado zina kila neno lililosemwa.

## Mengineyo

20. Sauti niliyorekodi kwenye kivinjari haina muda kabisa na haisogezwi mbele.

Vivinjari hurekodi WebM kipande kwa kipande na havirudi kuandika muda mwanzoni. Nakili kwa `ffmpeg -i rekodi.webm -c copy mpya.webm`. Mafaili yenye kiambishi cha .aac nayo hayana mahali pa muda. Yaweke ndani ya M4A kwa njia hiyo hiyo, bila kubana upya.

21. Redio imekataa tangazo langu: linasoma sekunde 30 na kidogo, nami nimelikata kwenye 30 kamili.

MP3 ya sampuli 44,100 haiwezi kuwa sekunde 30 kamili. Sekunde 30 ni sampuli 1,323,000, na zikigawanywa kwa 1,152 hazigawanyiki. Enkoda hulazimika kuweka angalau fremu 1,149, ambazo ni sekunde 30.015, na ile nyongeza ya swali la 10 inaweza kuongeza fremu nyingine. Mtambo wa kurushia ukiwa mkali, utaona limezidi. Peleka WAV. Kama kituo kinataka MP3 tu, maliza sauti kwenye 29.9 na ukate hapo.

22. Podikasti yangu inaonyesha muda tofauti na faili nililopandisha.

Programu za podikasti mara nyingi huonyesha muda ulioandikwa kwenye mlisho wa RSS (orodha ya vipindi ambayo programu hizo huisoma), si wa faili. Ukibadilisha faili bila mlisho kusasishwa, muda wa zamani unabaki. Pia, kama mwenyeji wako huingiza matangazo wakati msikilizaji anapopakua, wasikilizaji wawili wanaweza kupata urefu tofauti wa kipindi kile kile, na alama za sura ulizoweka kwa dakika zitasogea.

23. Nimechoma CD, jumla ya muda imezidi ile ya mafaili.

CD hugawa sekunde moja katika sekta 75, kila moja ikiwa na sampuli 588, na kila traki lazima ijaze sekta yake ya mwisho. Hilo ni dogo mno. Kilichoongeza ni kimya cha sekunde 2 ambacho programu nyingi huweka kati ya traki. Kwa rekodi ya onesho la jukwaani, ambapo vigelegele vinavuka kutoka wimbo hadi wimbo, kiweke sifuri. Na ukiandika kwa mkono faili la CUE, linaloonyesha kila traki inaanzia wapi, tarakimu mbili za mwisho za muda ni sekta, mwisho wake 74. Ukiandika 80 ukidhani ni mia za sekunde, programu nyingi zitalikataa faili.